Chumvi

Jalada lake lilikuwa limenenepa kuliko yeye.
Malaria, limeandikwa. Malaria tena.
Homa ya matumbo. Vidonda vya tumbo. UTI.
Mwandiko wa nne ni wangu,
naujua kwa haraka yake.

Kwetu Tanga twasema: waja leo, waondoka leo.
Mwanamtama binti Mbwana, muuza machungwa Mgandini,
alikuja mara saba, akaondoka mara saba
na vidonge ndani ya bahasha ya kaki,
kila safari kapungua kilo, kaongeza weusi.
"Jua la sokoni," nilimwambia.
Nyumbani wakamfukiza, wakasema ana mtu kichwani.
Mimi nilisema jua, wao wakasema jini:
sote tulikuwa tunaangalia juu.

Mara ya nane aliletwa na guta, kalazwa juu ya magunia.
Akilala, presha ipo.
Akisimama, haipo.
Nikaagiza kipimo cha malaria.

Hilda Semkuya si daktari.
Anapiga deki, anagawa uji, anajua nani halali usiku.
Alinikamata ngazini, ndoo mkononi:
"Huyu dada wa kitanda cha tisa anamaliza chumvi ya wodi.
Jumatatu nimejaza kopo. Leo Jumatano nalikwangua.
Chungwa analichovya, chumvi anailamba,
chungwa anampa jirani."
Nikacheka. Muuza machungwa, nikasema, kayachoka.
Nikashuka vidato vinne.
Cha tano, mguu ulikataa.

Nikarudi.
Fungua kiganja. Akafungua,
na ile mistari ambayo wapiga ramli huisoma
ilikuwa imepitiwa kwa wino.
Fizi, wino. Kovu la utotoni gotini, wino.
Jua gani la soko huingia mpaka kinywani?
"Uliwahi kuugua kifua?"
"Miaka tisa nyuma. Nilimaliza dozi. Kadi ninayo."
Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameshapona.

Juu ya figo kuna tezi mbili, vikofia vidogo
ambavyo mtu huishi navyo bila kuvijua jina.
Kifua kikuu kilipita hapo, kikala,
kikapangusa mdomo, kikaaga.
Tangu siku hiyo mwili haushiki chumvi.
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi,
ila hapa mchukuzi ndiye pakacha.

Damu ikaenda Dar kwa basi la alfajiri
ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu.
Jibu lingechukua siku kumi na moja.
Hatukulingoja. Sindano tulishampa saa nane usiku,
dripu ya pili, ya tatu,
Hilda kashika taa ya simu maana umeme ulikatika.
Siku ya nne Mwanamtama alionja uji, akakunja uso:
"Nani katia chumvi yote hii?"

Ningependa kuishia hapo.

Lakini yupo Kilua, mkata mkonge, mwaka juzi.
Dada yake alisimama mlangoni kwangu
akasema, kwa aibu, kana kwamba anamsema mwizi:
kaka anatafuna chumvi ya mawe usiku.
Sikuandika. Chumvi ni habari ya jikoni.
Cheti chake kinasema malaria kali.
Nimeteremka masjala kumtafuta. Mchwa walinitangulia:
limebaki jina, umri,
na nusu ya sahihi yangu.

Umri: thelathini na mmoja.
Wakubwa husema fulani kala chumvi nyingi
wakimaanisha miaka.

Siku hizi, kabla sijashika kalamu, nauliza:
unapenda kula nini?
Wengi hucheka. Jana mmoja alisema pweza.
Nikaandika, pweza.